Jembe la Siku ya Tatu

Mtu anapotokea mahali bila kualikwa wala kutazamiwa, amefika lini hasa? Jibu la haraka ni kwamba amefika pale miguu yake ilipokanyaga ua wa wenyeji. Lakini desturi zetu hazilikubali jibu hilo. Mtu aliyevuka ua, akasukuma mlango na kuketi bila kupiga hodi, hatusemi amefika. Tunasema amevamia, hata kama hana silaha na hakugusa kitu. Na mtu aliyeishi kijijini miaka thelathini bila kupewa hata kipande cha kulima, ambaye kila uchaguzi na kila ugomvi wa mpaka humkumbusha kwamba si wa hapa, naye hajafika, ingawa miguu yake ilifika zamani. Ninalotaka kulitetea hapa ni kwamba kufika ni kazi ya watu wawili. Anayekuja huianza, mwenyeji huimaliza. Na mwenyeji anadaiwa kuimaliza, hana ruhusa ya kuiacha njiani milele. Hili si jambo la adabu za mlangoni tu. Ni swali la dini na la haki, na majirani wa milima ya Usambara na nyanda za Handeni wana historia ya kutosha kulijibu vizuri kuliko wanafalsafa wengi waliolishika kwa kalamu.

Tuanze na milima yenyewe, vijiji vya juu kama vile vya Kata ya Bungu, Wilaya ya Korogwe, kwa kuwa Wasambaa wameijenga kumbukumbu ya dola yao nzima juu ya mtu aliyetokea tu. Mbegha, babu wa ukoo wa Wakilindi uliotawala Usambara tangu karne ya 18, hakuwa Msambaa. Alitoka Nguu, milima ambayo sehemu yake leo imo katika Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Habari zake zinasimuliwa vijijini, na Abdallah bin Hemedi aliziandika kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichochapwa kwanza na wamisionari wa Magila. Kwao Mbegha alihesabiwa kigego, yaani mtoto aliyeanza kuota meno ya juu, mkosi mtupu machoni pa ndugu zake, nao wakamnyima urithi. Akahamia Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko, wakawa wanawinda nguruwe pamoja. Kijana yule akafa mawindoni, na Mbegha akajua lawama itamwangukia nani. Akakimbia na mbwa wake, akavuka mto Pangani, ambao Wasambaa huuita Luvu, akapanda milimani. Aliyekuja kuwa mfalme aliingia Usambara kama mkimbizi mwenye mkosi, asiye na mtu wa kumjulisha kwa wenyeji.

Sasa tazama ni nani anayetenda katika kila hatua ya safari hiyo. Mbegha hakuingia kijiji cha mtu. Alikaa porini, akawinda nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawapa wakulima nyama, nao wakampa unga na vyakula vya shamba. Steven Feierman, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeichunguza dola ya Wasambaa katika kitabu chake cha mwaka 1974, alionyesha jinsi masimulizi yanavyoyarudia mabadilishano haya ya nyama na chakula cha shamba, kana kwamba msimulizi anaogopa tusije tukayapita. Kisha watu wa Bumbuli wakampa mke. Kisha wazee wa Vuga, waliosikia habari za mwindaji anayejua pia kuamua mashauri, wakamwendea na kumwita. Njiani akaua simba, na jina la Simba Mwene likabaki kuwa sifa ya watawala wa Vuga. Katika masimulizi haya Mbegha hafiki mara moja. Anafika kwa awamu, na kila awamu inafunguliwa na mtu mwingine: aliyempa unga, aliyempa binti, aliyemwita. Miguu ilimtoa Nguu mpaka Usambara, lakini waliomtoa porini mpaka Vuga ni Wasambaa.

Methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, inalisema jambo hilohilo, ila tumezoea kuisoma upande mmoja. Husemwa kumwonya mgeni mvivu kwamba ukarimu una kikomo, na kweli onyo hilo limo. Lakini isikilize vizuri uone anayeamriwa ni nani. Anayeambiwa ‘mpe’ ni mwenyeji. Na jembe bila shamba ni mzigo tu wa kubeba begani. Katika miteremko ya Usambara, ambako mashamba ni vipande vilivyobanana kwenye kingo na ambako kila mtu anajua mpaka wake unaishia kwenye mti gani, kumpa mtu jembe maana yake ni kummegea. Atalima, na kwa kuwa analima ataitwa kwenye msaragambo wa kutengeneza barabara, atachangia msiba, atapelekwa barazani akivuka mpaka, naye atampeleka mwenzake barazani akionewa. Siku mbili za kwanza ni za heshima: wali, kuku ikiwezekana, maji ya kuoga, kitanda kilichotandikwa. Mtu anayeheshimiwa namna hiyo bado yuko nje, kwa sababu hakuna anayemtegemea kwa lolote. Siku ya tatu heshima inapungua na haki inaanza. Kwa hiyo methali inamwekea mwenyeji muda. Haimruhusu kumweka mtu katika ugeni mwaka baada ya mwaka huku akijisifu kwamba anamlisha vizuri.

Dini mbili zinazoswaliwa na kusaliwa katika vijiji hivi zinaweka wajibu huu pande zote mbili, na zinaanza na anayekuja. Sura ya An-Nur katika Qur'ani, aya ya 27 na ya 28, inawakataza waumini kuingia nyumba zisizo zao mpaka waombe ruhusa na kuwasalimu wenyewe, na inaongeza jambo ambalo wengi tungeliona gumu: ukiambiwa urudi, urudi, na kurudi huko ndiyo usafi zaidi kwako. Katika Hadithi, kukirimu mgeni kuna kipimo cha siku tatu, kinachozidi hapo ni sadaka, na mgeni hana ruhusa ya kukaa mpaka amtie mwenyeji katika dhiki. Katika Injili ya Luka, wanafunzi wawili wanatembea kwenda Emau na mtu wasiyemtambua. Wanapokaribia kijiji, yeye anafanya kama anayeendelea na safari, na haingii mpaka wamshike na kumsihi. Ufunuo unamweka Kristo nje ya mlango, anabisha, anangoja kufunguliwa. Mwenye mbingu na nchi anapiga hodi. Sioni jinsi mtu anayeamini hayo anavyoweza kudai kwamba nguvu za kufika mahali zinatosha kumpa haki ya kuwa pale.

Upande wa mwenyeji, mfano mkuu wa dini zote mbili ni mmoja, Ibrahimu na wageni wake. Katika Sura ya Adh-Dhariyat anakiri kwamba ni watu asiowajua, na papo hapo anaingia ndani kimyakimya kuwaletea ndama aliyenona. Katika Mwanzo sura ya 18 yuko kwenye mlango wa hema wakati wa jua kali, anawaona watu watatu, anapiga mbio kuwalaki. Chakula kinatangulia, habari baadaye. Ila mfano huu, kwa utukufu wake wote, ni wa siku ya kwanza. Wageni wa Ibrahimu walikuwa wapita njia. Anayetaka kujua siku ya tatu inadai nini afungue Mambo ya Walawi sura ya 19, ambako mgeni anayekaa katika nchi anatakiwa ahesabiwe kama mzalia na apendwe kama nafsi ya mtu mwenyewe. Kumpa mgeni ndama ni rahisi kuliko kumhesabu kama mzalia, maana ndama huliwa akaisha, na uzalia haurudishwi.

Mtu makini atanipinga hapa, na hoja yake ina uzito. Atasema kwamba hadithi ya Mbegha ni hadithi ya washindi. Walioisimulia ni Wakilindi na watu waliokula kwao, na kila ukoo unaotawala watu wa asili nyingine hupenda kusema kwamba uliitwa, ukapewa wake, ukaombwa kutawala. Huenda mambo yalikwenda kwa ubabe, na nyama ya nguruwe ikaongezwa baadaye kulainisha. Nakubali kwamba hatuwezi kuthibitisha kila tukio la karne ya 18 kwa masimulizi ya ikulu. Lakini hoja hii inaisaidia hoja yangu badala ya kuibomoa. Wakilindi walikuwa na nguvu. Kama nguvu ingetosha kuhalalisha kufika, wangejisifu kwa nguvu, kama watawala wengine wanavyojisifu kwa vita. Waliona lazima wasimulie kuitwa, kwa sababu waliowatawala hawakutambua kufika kwa namna nyingine. Uongo, kama upo, umeshonwa kwa kipimo ambacho wasikilizaji walikuwa nacho tayari.

Kisha kuna Kiva, uasi wa Wabondei dhidi ya Wakilindi. Kimweri ye Nyumbai, mtawala aliyempokea mmisionari Krapf huko Vuga mwaka 1848 na tena 1852, alipofariki katika miaka ya 1860, wanawe na wajukuu wakaanza kuvutana, na utawala ukawa wa kukamata watu na kuwauza. Wabondei, walioishi chini ya Wakilindi kwa muda mrefu, wakainuka na kuwaondoa katika nchi yao. Watu wa ukoo wa Mbegha, vizazi kadhaa baada yake, waliambiwa kwa vitendo kwamba ni wageni tena. Kumwaga damu siko tayari kukutetea, na walioteswa wakati huo walikuwemo wasio na hatia. Lakini tukio lenyewe ni ushahidi kwamba makubaliano ya siku ya kwanza hayakuwa mapambo ya hadithi. Mbegha alipokewa kwa sababu aliwaondolea wakulima nguruwe. Warithi wake walipogeuka kuwa waharibifu wa watu wenyewe, walivunja kile kilichowafanya wawe wa pale. Aliyekwisha kufika anaweza kutofika tena, akiacha kulibeba jembe aliloshikishwa.

Linganisha na ujio wa Novemba na Desemba 1884. Mjerumani Carl Peters, aliyekuja kutafuta koloni, na wenzake wachache walipita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami, wakakaribishwa kama wasafiri wanavyokaribishwa, wakatoka na karatasi zilizodai kwamba watawala wa huko wameikabidhi nchi yao yote. Mwezi Februari 1885 serikali ya Ujerumani ikatoa hati ya kuzitambua karatasi hizo. Aliyepewa kigoda cha kupumzikia aliondoka akidai nyumba. Mwanafalsafa Immanuel Kant, Mjerumani pia, aliyaona mambo ya namna hii karibu miaka 90 kabla. Katika kitabu chake kidogo juu ya amani ya kudumu, cha mwaka 1795, alisema mgeni ana haki ya kuzuru na kutotendewa kama adui, lakini haki ya kukaa inahitaji mapatano ya pekee, na akawalaumu Wazungu wa mataifa ya biashara kwa kuichukulia ziara kuwa ndiyo ushindi wa nchi. Mzee wa Nguu aliyefundishwa kwamba mgeni hungoja kupewa angemwelewa Kant bila mkalimani. Peters hakupungukiwa na ukarimu wa wenyeji. Alipungukiwa na ile subira ya Mbegha porini.

Pingamizi la pili ndilo linalonisumbua zaidi. Kama kufika hukamilishwa na mwenyeji, je, mwenyeji akikataa? Mtu anayekimbia risasi hawezi kupiga hodi mara tatu na kurudi alikotoka akiambiwa arudi, kwa kuwa alikotoka ni kaburini. Mwanafalsafa Jacques Derrida aliandika juu ya ukarimu usio na sharti, unaompokea anayekuja kabla hata ya kumuuliza jina, na wapo wanaoona kwamba sharti lolote la ruhusa ni ukatili uliovishwa kanzu. Nakubali kwamba siku ya kwanza haina sharti. Aliyeko hatarini anaingizwa, na asiyemwingiza amefanya dhambi, iwe dini yake ni ipi. Ibrahimu hakuuliza. Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumemwokoa mtu na kumwacha uani. Kambi za wakimbizi za dunia zimejaa watu waliopokelewa bila sharti siku ya kwanza, na ambao siku yao ya tatu haijafika baada ya miaka ishirini. Wana mgao wa unga na hawana jembe. Ukarimu usiouliza jina hauwezi kumpa mtu shamba, maana shamba huandikwa kwa jina.

Handeni ina mfano wa wakimbizi waliopewa jembe, mfano ambao ungestahili kujulikana zaidi. Katika karne ya 19, njaa ilipowabana Wazigua, wengi walijikuta pwani wakiuzwa, na meli zikawapeleka kwenye mashamba ya kusini mwa Somalia. Wengine walitoroka, wakajenga vijiji vyao katika misitu ya bonde la mto Juba, na vizazi vyao vikaendelea kusema Kizigua katikati ya watu wa lugha nyingine. Wajukuu bado wanamkumbuka Wanakhucha, mwanamke mwaguzi aliyewaongoza kutoroka. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991 na vita vikawafuata mpaka mashambani mwao, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Waliwekwa Mkuyu, wilayani Handeni, kisha wakahamishiwa makazi ya Chogo katika wilaya hiyohiyo, wakapewa ardhi ya kulima na kufunguliwa njia ya kuwa raia. Hapa wapo wanaosema kwamba hawa hawakuwa wageni hata kidogo, walikuwa wanarudi kwao, hivyo hakuna mwenyeji aliyewapa chochote. Nadhani hoja hiyo inarahisisha mno. Kama lugha na nasaba zingetosha, kusingehitajika kugawa mashamba wala kutoa hati za uraia. Walihitaji kupimiwa ekari na kuandikwa kama mtu mwingine yeyote, na Tanzania ilifanya vema kuwaandika. Na kama walistahili kwa sababu ya damu peke yake, basi Warundi zaidi ya 160,000 waliopewa uraia wa Tanzania, na kupokea vyeti kuanzia mwaka 2014, baada ya kuishi na kulima nchini tangu mwaka 1972, walistahili kwa sababu gani? Walistahili kwa sababu ya jembe. Walikuwa wamelishika miaka arobaini kabla mtu hajawaambia kwamba ni lao.

Mcha Mungu anaweza kulishambulia jambo hili kutoka juu kabisa. Ardhi ni ya Mungu, atasema, sisi sote ni wapita njia duniani, basi nani amekuwa mwenyeji hata agawe kufika kwa wengine? Hoja hii ni nzuri, nami naiamini, ila haifiki pale inapopelekwa. Kwamba ardhi ni ya Mungu kunamnyang'anya mwenyeji kiburi chake, hakumnyang'anyi kazi yake. Mlinzi wa mali ya mwingine ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuigawa sawasawa. Tena anayeitumia hoja hii mara nyingi ndiye anayetaka kuingia, na mara chache sana ndiye anayetaka kumega. Peters angeweza kuisema pia. Tukisema hakuna mwenyeji, aliye na nguvu ndiye atakayejigawia.

Hapo ndipo swali linaporudi katika siku zetu na kuwa gumu. Tangu Juni 2022 serikali imekuwa ikihamisha familia kutoka Ngorongoro, wengi wao wafugaji wa Kimaasai, na kuzipeleka Msomera, Handeni, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao. Serikali imesema wanahama kwa hiari. Watetezi wa haki za binadamu na wakazi wengi wa Ngorongoro wamelipinga neno hilo, na baadhi ya waliokuwa wakiishi Msomera tangu zamani wamelalamika kwamba ardhi waliyokuwa wakiitumia imegawiwa wengine. Mbegha aliitwa na wazee wa Vuga. Wazigua wa Juba waliomba, wakajibiwa. Huko Msomera, aliyetamka karibu ni mtu wa tatu, asiyehama wala asiyehamiwa, naye alitamka kwa niaba ya watu ambao nyua zao ndizo zilizoingiwa. Sisemi kwamba serikali haina mamlaka juu ya ardhi. Sheria inampa Rais dhamana ya ardhi yote ya Tanzania kwa niaba ya wananchi. Nasema kwamba dhamana hiyo haiwezi kumaliza kufika, kama vile karatasi haikuweza mwaka 1884. Nyumba ya bati ni ukarimu wa siku mbili za mwanzo. Jembe la siku ya tatu, yaani malisho na mashamba ambayo jirani anayakubali kuwa ni yako kwa haki, hutolewa na jirani huyo tu, naye hawezi kulitoa likiwa limechukuliwa mkononi mwake. Mkutano mkuu wa kijiji upo kisheria kwa kazi ya namna hii. Uitishwe, waliokuja na waliokutwa waketi pamoja, mipaka itajwe kwa sauti mbele ya wote, na kila kaya iseme shamba gani ililima kabla ya 2022 na shamba gani inalima sasa.